Land Rover ya Mgeta ina umri gani?

Barabara ya Mgeta inaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, inapita Mlali, halafu inaanza kuupanda Uluguru. Kadiri inavyopanda ndivyo magari yanavyobadilika. Huku chini ni Noah, Coaster na IST. Kule juu, kuelekea Langali, Nyandira na Kikeo, hasa masika yanapokolea, yanabaki yale yanayovuta kwa matairi yote manne: Land Rover za zamani zilizosheheni matenga ya nyanya na viroba vya karoti na kabichi, na juu ya mzigo abiria wameshikilia kamba. Upande mwingine wa milima, ukipitia Bigwa kwenda Mkuyuni na Kinole, hali ni hiyo hiyo, ila mzigo unageuka kuwa ndizi na nanasi, na msimu wake ukifika, viungo.

Itazame mojawapo ikiwa imesimama inapoa. Unaweza kukuta boneti ni ya Series III, aina iliyoanza kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1971. Milango ni ya One Ten, iliyotoka mwaka 1983. Injini ni ya Nissan, TD27, iliyopatikana kwa wauza spea wa Ilala jijini Dar es Salaam baada ya kutolewa kwenye gari lililokatwa ughaibuni. Giaboksi imekuja pamoja na injini hiyo, ikashikizwa kwa bamba la chuma alilochonga fundi. Bodi limerefushwa kwa nyuma ili liingie benchi moja zaidi. Chesisi imeoza mara mbili na mara mbili imekatwa, ikachomelewa chaneli mpya. Ukimuuliza mwenye gari ni la mwaka gani, atakutajia mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Hatakuwa anakudanganya, maana huo ndio mwaka pekee alio nao.

Makala haya yanahusu kadi hiyo. Usajili, kodi, bima, leseni ya kubeba abiria, mauzo na hata mirathi ya gari, vyote vinafuata kilichoandikwa kwenye kadi, wala havifuati chuma kilichosimama barabarani. Kwa gari lililotoka kiwandani na kubaki kama lilivyotoka, karatasi na chuma vinakwenda pamoja. Kwa gari la kuunga vinaachana, kidogo kidogo, kila safari ya gereji. Magari haya ni mali ya jasho. Yamewatoa wajawazito milimani usiku wa mvua, yamepeleka mboga za Uluguru sokoni Morogoro na Kariakoo kwa miongo kadhaa. Yanastahili kuandikwa kama yalivyo, kwa njia iliyo wazi ambayo mkulima wa Tchenzema anaweza kuifuata bila kumtafuta kishoka.

Kwa Tanzania Bara, Msajili wa Magari ni Mamlaka ya Mapato, TRA. Sheria zinazobeba kazi hiyo ni za zamani: Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamishaji wa Magari ya mwaka 1972, Sura ya 124, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Kadi inataja rangi, umbo la bodi, mwaka wa kutengenezwa, ujazo wa injini, namba ya injini, namba ya chesisi, idadi ya viti na uzito. Mwenye gari akibadili kimojawapo anatakiwa kumwarifu Msajili, gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na kadi irekebishwe. Kwa injini anatakiwa pia kuonyesha ilikotoka, ndiyo maana risiti ya EFD ya duka la spea ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Ukiinunua injini kwa bei ya kienyeji, bila risiti, umejinunulia pia taabu ya miaka mingi mbele.

Kwa gari lililotoka kiwandani, utaratibu huo unatosha. Ugumu unaanza na namba ya chesisi, na hapa inabidi tuinamie chini ya gari lenyewe.

Kwenye Land Rover za Series, namba imegongwa upande wa kulia, kwenye ncha ya mbele ya chesisi, pale springi inaposhikwa. Kwenye One Ten na Defender ipo kulia vile vile, mbele kidogo ya mnara wa springi. Mkaguzi anapotaka kuiona, fundi hulala chini na brashi ya waya. Kwanza hubanduliwa tope, udongo mwekundu uliokaukia hapo tangu mvua za mwaka juzi. Hufuata tambara lenye mafuta ya taa, kisha msasa, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa ukikaza utaifuta namba yenyewe. Tarakimu zikianza kuchungulia hupakwa chaki juu. Unga unaingia kwenye vishimo na namba inasomeka. Kwa Series III utaona tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Kwa magari ya kuanzia miaka ya 1980 ni alama 17 zinazoanza na herufi SAL. Kila anayelizunguka gari hukaa kimya wakati mkaguzi anasoma tarakimu moja moja akilinganisha na kadi, kwa sababu tarakimu moja ikikosana, gari linalala kituoni.

Sasa angalia jinsi gari lenyewe lilivyotengenezwa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana bodi lilifanywa kwa sehemu kubwa kwa aluminiamu, na chesisi ikabaki chuma. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Bodi la miaka ya 1960 linaweza kuwa linang'aa hadi leo ukilisugua, lakini chesisi iliyo chini yake, inayopita madimbwi ya Mlali na mito ya Mgeta kila siku, inaliwa kwa ndani mpaka fundi akigonga kwa nyundo inatoboka. Kiungo kinachokufa kwanza ndicho kinachobeba jina la gari. Bodi, ambalo lingeweza kuishi miaka 70, halina jina lolote.

Fundi afanyeje? Anayo njia iliyozoeleka gereji nyingi: anakikata kile kipande cha chesisi chenye namba, anakisafisha, anakichomelea kwenye chesisi mpya aliyoiunda. Kwake yeye na kwa mwenye gari, hiyo ni sawa na haki, kwa sababu gari ni lile lile, mwenyewe ni yule yule, na hakuna aliyeibiwa. Tatizo ni kwamba mwizi wa magari anafanya vile vile hasa. Hununua mkweche wenye kadi safi, hukata namba na kuipachika kwenye gari la wizi. Mkaguzi anayepitisha kidole juu ya mshono wa welding hana namna ya kuusoma moyo wa aliyechomelea. Polisi akilikamata gari hilo simlaumu. Sheria inakataza kuchezea namba za utambulisho, na ina sababu nzuri. Ninachosema ni kwamba fundi mwaminifu na mwizi wamesukumwa kwenye mlango mmoja, na kazi ya utaratibu mzuri wa usajili ni kumfungulia mwaminifu mlango wake.

Kabla ya kufika kwenye mlango huo, kuna mambo ya kodi ambayo yamebadilika na wengi bado hawajayaelewa vizuri.

Hadi mwaka 2017 gari lilikuwa na ada ya kila mwaka, ile watu waliyoizoea kwa jina la road license. Ilipangwa kwa ukubwa wa injini: shilingi 150,000 kwa injini ya kuanzia cc 501 hadi 1,500, shilingi 200,000 kwa cc 1,501 hadi 2,500, na 250,000 kwa zinazozidi hapo. Ilidaiwa gari litembee lisitembee. Kwa mtu wa mjini mwenye gari jipya ilikuwa kero tu. Kwa mtu wa Bunduki, huko milimani, ambaye Land Rover yake ilikufa giaboksi mwaka 2009 na kuachwa juu ya mawe kusubiri fedha za mavuno, lilikuwa deni linaloota huku mwenyewe amelala. Baada ya miaka mitano deni na adhabu zake viliweza kuizidi thamani ya gari lenyewe. Hapo mtu hafikirii tena kulifufua kwa halali. Analiuza vipande, au analifufua na kuliendesha huko huko milimani, mbali na macho ya trafiki wa Msamvu.

Tarehe 8 Juni 2017 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alisoma bajeti iliyoifuta ada hiyo na kusamehe malimbikizo ya nyuma. Mahali pake ziliwekwa hatua mbili. Ada ya usajili wa mara ya kwanza ilipandishwa ikawa shilingi 200,000, 250,000 na 300,000 kwa makundi yale yale matatu ya injini. Na ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa lita, kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Nauona uamuzi ule kuwa mmoja wa maamuzi ya kodi yenye haki zaidi kwa wenye magari makuukuu, maana gari lililolala halinywi mafuta. Piga hesabu. Land Rover inayochoma lita 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inatumia lita 5,000. Zidisha kwa 40, unapata shilingi 200,000, sawasawa na ada ya zamani ya gari la cc 2,495, ambao ndio ujazo wa injini ya Land Rover 300Tdi. Anayetembea zaidi analipa zaidi, anayetembea siku za soko tu analipa kidogo, na anayesubiri difu kutoka Dar halipi kitu.

Lakini haki hiyo ina doa, nalo liko milimani zaidi kuliko mjini. Mashine ya kusaga inayotumia dizeli kijijini haijawahi kukanyaga barabara, wala pampu ya kumwagilia vitunguu bondeni. Zote zilianza kulipa sehemu ya ada ya magari. Na bibi wa Kibungo anayejaza koroboi kwa mafuta ya taa naye akaingizwa. Sababu ya kuyagusa mafuta ya taa ilikuwa kuzuia uchakachuaji, yasije yakawa nafuu mno watu wakayachanganya kwenye dizeli. Sababu inaeleweka. Hata hivyo, bibi hana gari.

Mwaka 2021 iliongezwa tozo nyingine ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, yaani za vijijini na mitaani. Dereva wa Nyandira ana haki kamili ya kuuliza greda iko wapi, kwa maana kila anapojaza tangi anaichangia.

Hizo ndizo kodi ambazo gari la kuunga haliwezi kuzikwepa, kwa sababu zimo ndani ya mafuta. Zinazobaki zinategemea kadi kusema kweli. Chukua ile Land Rover yetu. Ilipokuwa na injini yake ya cc 2,495 ilikuwa kundi la katikati. Ikiwekewa TD27 ya cc 2,663, au 1HZ ya Toyota yenye cc 4,164, imehamia kundi la juu. Zamani kutoarifu kuliokoa shilingi 50,000 kila mwaka, na nina hakika hiyo ndiyo sababu injini nyingi zilibadilishwa kimya kimya. Leo, ada ya mwaka haipo tena, faida ya kuficha imekwisha, lakini mazoea yamebaki. Watu wanaendelea kuogopa deni ambalo lilishafutwa.

Huko kwingine duniani gari hutozwa kama nyumba. Katika jimbo la Virginia, Marekani, kaunti na miji hutoza kodi ya mali kila mwaka kwa kuangalia thamani ya gari. Kodi hiyo inachukiwa kiasi kwamba Jim Gilmore alishinda ugavana mwaka 1997 kwa kuahidi kuiondoa, na mpaka leo haijaondoka. Chini ya kodi ya aina hiyo, gari la kuigiza huwa kitendawili cha fedha. Mtu anajenga gereji kwake mfano wa Shelby Cobra ya miaka ya 1960. Ile halisi hufika dola milioni moja na zaidi mnadani, ya kuigiza ni sehemu ndogo tu ya hapo. Mthamini akiandika mwaka wa 1965 kwa uzembe, mwenye gari atalipia gari ambalo hana. Mwaka 2015 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoruhusu kila mtengenezaji mdogo kuuza hadi magari 325 ya namna hiyo kwa mwaka, yakitambulika wazi kuwa ya kuigiza.

Kwetu kodi ya mali imekaa kwenye majengo. Uluguru imeijua tangu Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia tatu kwa kibanda cha kijijini, na leo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu mwaka 2023. Gari halitozwi hivyo, na ninashukuru. Ila magari ya kuigiza yapo, na yanazidi. Nenda gereji za Dar es Salaam uone Land Cruiser ya mwaka 2008 inavyobadilishwa shoo, taa, bampa na boneti mpaka inafanana na ya miaka kumi baadaye. Hakuna ubaya kupendezesha gari. Ubaya unakuja linapouzwa kwa bei ya sura, na hapo mlinzi pekee wa mnunuzi ni mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kadi. Umri una bei hata forodhani: gari dogo la abiria lenye miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na likizidi miaka kumi asilimia 30. Mmiliki anayeifanya kadi isomeke vingine habadilishi sura tu, anawaibia watu wawili, mnunuzi na hazina.

Kwa hiyo gari lililojengwa upya lina umri gani? Waingereza, wenye Land Rover nyingi kuliko sisi, walijitahidi kulijibu swali hili kwa namba, na mfumo wao wa miaka mingi, walioutumia hadi mwaka 2025, unafaa kuangaliwa. Kila kiungo kikuu cha asili kilikuwa na alama: chesisi tano, springi na shokapu mbili, ekseli mbili, giaboksi mbili, usukani mbili, injini moja. Jumla 14. Gari lililobaki na alama nane au zaidi, pamoja na chesisi ambayo ni yake au mpya ya aina ile ile isiyobadilishwa, liliendelea na namba yake na umri wake. Lililopungukiwa lilipelekwa kukaguliwa upya na kupewa namba inayoanza na herufi Q, ishara kwamba umri wake haujulikani. Kwao hilo si jambo la heshima peke yake, kwa kuwa gari likifikisha miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya mwaka ya barabara, hivyo umri ni pesa mfukoni.

Ipime Land Rover ya Mgeta kwa kipimo hicho. Ekseli zake za asili, mbili. Springi, ziwe zimenyooshwa na fundi lakini ni zake, mbili. Usukani wake, mbili. Injini ya Nissan, sifuri. Giaboksi, sifuri. Chesisi iliyoundwa kwa chaneli hapa hapa, sifuri. Imepata sita, imeshindwa. Ingekuwa chesisi imeagizwa mpya, ya aina ile ile, na risiti yake ipo, ingepata 11 na kufaulu vizuri. Tofauti kati ya kufaulu na kushindwa ni bei ya chesisi moja, ambayo mtu wa Kikeo hana na mtu wa Birmingham anayo. Ndiyo maana sipendekezi tuuchukue mfumo huo mzima mzima. Napendekeza tuchukue busara yake: kwamba gari linaweza kuwa limejengwa upya, likaandikwa hivyo, na bado likawa halali.

Nchi hii si ngeni kwa magari ya kuundwa. Ukitoka Morogoro kwenda Dar, Kibaha, lipo shirika la Nyumbu lililo chini ya jeshi, lililounda malori yenye jina hilo. Machi 2022 Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji, alionyesha gari la umeme lililoundwa na karakana yake. Arusha kuna mafundi wanaoikata Land Cruiser katikati, wanairefusha, wanaitoboa paa ili watalii wasimame kutazama simba, na hakuna anayewaita wahalifu. Kazi ile ni ya kuunga kwa kila hali, ila inafanywa na karakana zenye majina, na karatasi zinaandaliwa tangu mwanzo. Fundi wa Uluguru anafanya kazi hiyo hiyo kwa sababu ya mlima badala ya simba. Kenya wametuonyesha pia jinsi njia hii ya kuunda magari ilivyo nyembamba: Mobius, kampuni iliyobuni gari rahisi kwa barabara mbaya za Afrika, ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafunga, ikitaja madeni na ongezeko la kodi.

Nirudi kwa wenye magari. Wapo ambao kadi zao hazina hata majina yao. Gari lilikuwa la misheni, au la mradi uliokwisha, au lilinunuliwa kwenye mnada wa serikali likiwa bado na namba za ST. Likauzwa kwa hati ya makubaliano iliyoshuhudiwa na mtendaji wa kijiji, likauzwa tena, na tena. Kuhamisha umiliki kwa kawaida kuna kodi ya shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu wa asilimia moja ya bei. Si fedha nyingi ukilinganisha na hasara ya kutofanya hivyo. Lakini muuzaji wa kwanza akishafariki, shughuli inahamia Mahakama ya Mwanzo, kwa msimamizi wa mirathi, na kwa Waluguru hapo kuna jambo jingine. Ukoo wao hufuata upande wa mama. Kwa desturi wapwa wa marehemu wana neno kubwa kwenye mali ya mjomba wao, na sheria ya nchi inawatambua watoto. Sasa gari la baba, lililokufa mwaka 2005, likafufuliwa na mwanawe kwa injini, giaboksi na chesisi alizonunua mwenyewe, ni la nani? Kadi inasema ni la marehemu. Chuma, kwa uzito wake, ni cha kijana. Nyumba nyingi zimegombana kwa sababu karatasi haikuandikwa siku injini iliponunuliwa.

Na ipo hatari inayoniumiza kuliko zote. Bima ya lazima kwa wahusika wa tatu inakatwa kwa maelezo ya kadi: viti vingapi, gari la aina gani, la matumizi gani. Gari la kuunga likipinduka kwenye kona za Langali likiwa na bodi lililorefushwa na benchi ambalo kadi hailijui, kampuni ya bima inapata mlango wa kubishana. Aliyevunjika mguu ni mama aliyekuwa akipeleka njegere sokoni, ambaye hakuwahi kuiona kadi hiyo wala kuambiwa kwamba gari lililombeba, kwa maandishi, ni jingine.

Kinachohitajika hakihitaji wizara mpya. Morogoro ina ofisi ya TRA, ina wakaguzi wa magari wa polisi, ina LATRA inayotoa leseni za kubeba abiria, ina chuo cha VETA Kihonda, ambako ufundi hufundishwa na welding inaweza kupimwa na watu wanaoijua. Wakutane siku moja kwa mwezi, Mlali mwezi huu, Mkuyuni mwezi ujao. Gari lije na fundi aliyeliunda na risiti za viungo. Mshono upimwe, breki zijaribiwe kwenye mteremko, viti vihesabiwe. Lililo bovu likataliwe pale pale. Linalofaa lipewe namba mpya ya chesisi iliyogongwa na mkono wa serikali, na kadi iliyoandikwa kwamba limejengwa upya, mwaka gani, kwa injini ya ujazo gani, viti vingapi. Kipande chenye namba ya zamani kikatwe na kukabidhiwa, kisibaki gereji kikasubiri gari la wizi. Mwenye gari alipe ada ya kundi la injini aliyo nayo kweli, hata ikiwa ni ile ya 300,000, na aruhusiwe kuilipa kwa awamu mbili, moja baada ya mavuno ya masika na nyingine baada ya vuli.